Kwa Mahat, Tuliyemwacha Kipini

Mwaka umetimia, Mahat, tangu maji ya Ghuba ya Ungwana yakuchukue, na hapa Garissa bado tunakutaja kana kwamba uko safarini na utapiga simu ukifika. Kaka yako Bishar ndiye anayeshika kalamu, lakini maneno ya tangazo hili la kumbukumbu ni ya nyumba nzima, na mengi ni ya dada yako Saynab. Tusikilize mpaka mwisho. Kuna jambo ambalo hukuwahi kuambiwa.

Tuanze na mema yako, maana ni mengi. Miaka kumi na tisa uliendesha lori la maji kati ya hapa na Dadaab, na hakuna mama aliyekuja na mtungi akiwa na mtoto mgongoni ukamwambia apange foleni. Hao uliwapa kwanza, na waliolalamika uliwajibu kwa kuwaongezea kungoja. Pampu ya kisima ikiharibika Eldas, walikuita wewe kabla ya fundi mwingine yeyote. Ulikuwa ukilaza sikio kwenye injini, unafunga macho, halafu unasema, "Hii inataka kitu kidogo tu." Kitu hicho kidogo kilichukua siku mbili.

Chai yako ilikuwa sukari iliyotiwa maji. Samaki hukuthubutu kumla. Ulisema ananuka dawa ya kuogeshea mbuzi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetuambia siku moja, miaka mitatu iliyopita, kwamba anakwenda Kilifi kufanya kazi baharini. Tulidhani jua limekupiga.

Kisa chote kilianza na Abdirizak. Mlisoma naye, mkachunga naye, kisha yeye akawa daktari wa mifugo. Alipostaafu mapema alihamia Kilifi, akanunua mashua ndogo ya matanga iliyokwisha tumika, ndefu kama lori lako, yenye chumba chini kilichokuwa na vitanda viwili na jiko la gesi. Jinsi mtu wa ngamia alivyoyapenda matanga alijua mwenyewe. Alisema alijifunza ng'ambo alipokuwa masomoni. Injini ya mashua ilikuwa imekufa. Ulikwenda kuitengeneza kwa siku tatu. Siku ya nne ulipiga simu ukasema utakaa kidogo.

"Wallahi abaayo, dada yangu," ulimwambia Saynab, "hii bahari iko kama njia ya Eldas tu. Hakuna kibao, hakuna kivuli. Unaenda na akili yako."

Saynab hakucheka. Yeye ndiye kitinda mimba na wewe ulimtangulia kwa mwaka mmoja. Mlilala mkeka mmoja, mkachapwa kwa fimbo moja. Akikuita kwa heshima kama kaka mkubwa, ujue amekasirika. Siku nyingine zote alikuita anavyotaka. Alipokusikia ukiisifu bahari hivyo alijua umekwisha kwenda.

Abdirizak alitueleza baadaye jinsi ulivyojifunza kazi. Wiki ya kwanza ulitapika mpaka nyongo. Ya pili ulianza kumpangia mizigo: ulikataa maji na vyakula vikae upande mmoja, ukagawa kulia na kushoto sawasawa, jinsi tunavyompakia ngamia asichubuke mgongo. Mafundo yake uliyadharau. Ulifunga lile la kwetu la mizigo, linaloshika kutwa nzima na kufunguka kwa mvuto mmoja, na kufikia Ramadhani karibu kamba zote za mashua ile zilikuwa zimefungwa kwa mkono wako. Alisema ilikwenda vizuri zaidi. Sisi tulicheka, tukajivuna kidogo, tukaendelea kukuuliza utarudi lini.

Sasa tufike kwenye safari yenyewe, kama tunavyoijua leo.

Ilikuwa Julai, upepo wa kusi umepamba moto. Abdirizak alitaka kuipeleka mashua Lamu ikatengenezwe na kupakwa rangi, na mlikuwa wawili tu. Siku ya kwanza mlitoka Kilifi mkalala Malindi. Alfajiri ya pili, kabla ya kung'oa nanga, ulijipiga picha ukamtumia Saynab. Saynab peke yake. Umevaa jaketi jekundu la kuelea, mikanda imekukaza kifuani na mingine imepita kati ya mapaja, na mbele kunaning'inia kamba yenye kulabu ya kujifunga kwenye mashua ili wimbi lisikubebe. Unacheka meno yote nje. Nyuma yako Abdirizak naye amevaa lake.

Dada yako alikuwa ametoka kuswali. Alikurudishia ujumbe wa sauti. Tumeusikia sasa, sote, na tunauandika ulivyo:

"Waryaa Mahat! Hii nini? Wamekufunga kama beberu ya kupeleka soko? Mwanaume ya kwetu hafungwi kamba. Hooyo akiona hii picha atalia. Toa hiyo kitu, mimi naona aibu."

Nawe ukajibu, na upepo unasikika nyuma yako: "Haya abaayo, nimetoa. Umefurahi sasa?" Kisha kicheko. Hiyo ndiyo sauti yako ya mwisho tuliyo nayo.

Mpaka Ras Ngomeni mlikwenda vizuri, upepo mgongoni. Mlipoingia ghubani mawimbi yakaanza kuja kwa nyuma, makubwa, yanaiinua mashua upande wa usukani na kuisukuma pua yake chini. Abdirizak alikuambia uvae jaketi. Ukasema ukimaliza chai. Akakuambia tena. Saa nane mchana mlikuwa mbele ya Kipini, pale mto Tana unapomwagika, na maji yakageuka kahawia ghafla. Ulisimama ukayapungia mkono. "Haya yamepita kwetu," ulimwambia Abdirizak. "Yamepita chini ya daraja ya Garissa, wallahi."

Lakini pale mto unapogongana na kusi juu ya mafungu ya mchanga, mawimbi hayaji kwa mpango. Yanakuja mafupi, yamesimama wima, kutoka kila upande. Na wakati huohuo mvua yenye upepo mkali ikawafunika, hata pwani hamkuiona tena. Tanga kubwa lilipaswa kushushwa upesi, na kamba yake ikakwama mlingotini. Mashua ikalala ubavu, maji yakaingia chumbani. Abdirizak hakuweza kuuacha usukani. Wewe ulikwenda mbele kwa magoti, unashika hiki na kile, ukaikwamua kamba, tanga likaanguka, mashua ikasimama. Uligeuka ukamwinulia mkono. Wimbi lililofuata lilikuja kutoka ubavuni. Lilipopita, mbele hapakuwa na mtu.

Alikutupia boya. Aliwasha injini uliyoifufua mwenyewe, akazunguka na kukuita jina mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu watu wa Kipini walikuokota ufuoni, wakakuosha, wakakuswalia, wakakuzika kwa heshima kama ndugu yao. Mungu awalipe. Sisi tulifika kesho yake kwa njia ya Hola na Garsen, tukakuta udongo bado umelowa.

Hapo makaburini ndipo Bishar alipomuuliza Abdirizak kwa nini hukuwa na jaketi. Alitazama chini.

"Ilikuwa moja tu," akasema. "Nilivaa mimi."

Mahat, hatukumgusa kwa sababu tulikuwa mbele ya kaburi lako. Lakini kuanzia saa ile mtu huyo alikufa kwetu. Mkono wake hatukuupokea. Jina lake tulilipiga marufuku ndani ya nyumba. Mama yake, yule bibi aliyekupa maziwa kila mliporudi machungani, alifariki hapa mjini mwezi wa Rajabu, na hatukwenda kumzika wala hatukutuma mtu. Abdirizak alilibeba jeneza na watu wachache, wengi wao majirani, wakapita mbele ya mlango wetu. Hakuinua macho.

Saynab alimwona akipita. Alikuwa amesimama dirishani na simu mkononi, na ndani ya simu ile kulikuwa na picha yenye majaketi mawili.

Alijua mwaka mzima. Aliacha kula vizuri, sisi tukasema ni majonzi. Alijiambia atasema baada ya arubaini, kisha baada ya Ramadhani, kisha Hooyo, mama yetu, akipona kifua, na kila alipoahirisha maneno yalizidi kumwia mazito. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe ametaka tuseme wazi: alimwacha mtu asiye na hatia abebe lawama, kwa kuwa mtu huyo alikubali kuibeba.

Wiki mbili zilizopita Bishar aliandika tangazo hili mara ya kwanza, akalisoma sebuleni ili tukubaliane. Lilikuwa na mstari uliosema kwamba uliondoka kwa uchoyo wa mtu uliyemwamini.

"Hiyo toa," Saynab akasema.

Bishar akamuuliza kwa nini, tena kwa ukali. Saynab aliweka simu mezani, akatuonyesha picha, akaiacha sauti yake isikike, kisha yako. Chumba kizima kikajaa kicheko chako. Roda mkeo alitoka nje akasimama uani kwenye jua. Hooyo Rukiyo alitaka kusikia tena, akasikilizishwa tena, halafu akafunika uso kwa mtandio wake. Kwa siku tatu hakuzungumza na binti yake.

Siku ya nne Saynab na Bishar walikwenda Kilifi. Abdirizak aliwapokea mlangoni, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Saynab alisema yote akiwa amesimama, hata maji hakukubali kunywa.

"Najua," Abdirizak akasema. "Aliniambia. Alinifungulia sauti yako pale Malindi, tukacheka wote wawili."

"Sasa kwa nini ulisema jaketi ilikuwa moja?" Bishar akauliza.

"Ningesema mbili mngeuliza kwa nini hakuvaa. Yeye alikuwa anacheka, Bishar. Sikutaka kucheka kwake na dada yake iende kuwa kesi ya wazee." Akamgeukia Saynab. "Halafu mimi ndio nahodha. Nilimwambia mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa ya kumvalisha kwa nguvu, na sikufanya. Kwa hivyo sikuwaongopea yote."

Bishar aliomba radhi kwa niaba yetu, kwanza kwa ajili ya mazishi ya mama yake. Abdirizak alisema yetu mengine ameshayaachilia, lakini hilo la mama yake litamchukua muda. Ana haki, nasi tutangoja. Walipoagana alimpa Bishar mkono. Saynab aliuficha wake chini ya shuka lake, kwa haya, na hakuna aliyemlaumu.

Waliporudi Garissa, Hooyo alimwita Saynab akae karibu naye. Hakumkumbatia. Tulikuwa tumetega masikio sote, pamoja na binti zako Iftin na Kowsar, na kila mmoja wetu aliogopa kwamba nyumba hii itampoteza mtu wa pili.

"Mimi siwezi kusamehe kwa jina ya Mahat," Hooyo akasema. "Yeye ndio umekosea. Ongea na yeye mwenyewe."

Ndiyo maana tangazo limekuwa refu kuliko matangazo mengine, na ndiyo maana yanayofuata ni ya Saynab. Alikaa karibu na Bishar, akayasema polepole, akamkataza kuyapamba.

"Mahat, watu wote wanasema nilikuwa nakutania. Hata Abdirizak anasema hivyo, ili mimi nilale. Wallahi sikuwa natania. Niliona ile jaketi na ile kamba, nikajua hiyo maji inaua watu, kama haiuwi hawangekufunga. Niliogopa sana. Nikasema wacha nimtie aibu, aone haya, ashuke hapo Malindi, apande basi, arudi nyumbani. Wewe ukatoa jaketi na ukabaki ndani ya mashua. Ningesema tu naogopa, ungeshuka. Nakujua, ungeshuka. Sikusema. Nisamehe, walaal, ndugu yangu."

Tunaokukumbuka ni mama yako Rukiyo, mkeo Roda, binti zako Iftin na Kowsar, kaka yako Bishar, dada yako Saynab na, kwa ruhusa aliyotupa mwenyewe, rafiki yako Abdirizak. Mwenyezi Mungu aipanue nafasi yako huko Kipini. Sisi hatutaacha kukukumbuka, Mahat, muda wote tutakaopewa.