Kirusi cha Nailoni

Nyamirambo, Kigali
9 Julai 1985

Kwa dada yangu mpenzi Mukabalisa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Bujumbura, na mguu wa shemeji umepata nafuu. Sisi hatujambo, ila cherehani yangu inanisumbua kama mke mwenza.

Pumua sasa, dada: binti yako Nyiraneza amefaulu! Mwezi wa kumi anakwenda kusoma chuo kikuu, Butare.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kueleza kirusi mbele ya walimu watatu. Alichagua korona, kile kinachokohoza kuku, akaniomba nimshonee mfano wake. Nilimcheka, nikamwambia mimi hushona kanzu, sishoni maradhi. Akanieleza kwa subira kwamba kina umbo la mpira: nje kuna ngozi nyembamba ya mafuta, ndiyo maana sabuni hukiua, juu yake imesimama miiba pande zote mfano wa taji, ndani umejiviringa uzi mmoja mrefu wenye maagizo yote ya kuzaana, umeshikwa na protini. Ngozi nikaifanya ya nailoni, miiba vifungo vya koti, protini shanga. Alinisisitizia mara tatu kwamba uzi uwe mmoja.

Siku yenyewe mwalimu mkuu alipasua mpira, akavuta uzi. Ulikuwa maradufu! Akamwuliza kama ndivyo alivyofundishwa. Mwanao hakutetereka. Alisema sivyo, ila mama yake mdogo ni fundi, na fundi haamini uzi mmoja. Akang'ata fundo kwa meno, akachomoa uzi wa pili, shanga zikabaki kwenye ule mmoja, akaendelea kueleza. Walimu walicheka mpaka wakavua miwani.

Sasa nitoe lililonikaa kooni. Hayakuwa mazoea ya ufundi, dada. Nilifanya makusudi. Unajua sikujaliwa mtoto, na huyu umeniachia tangu ana miaka tisa. Nilitaka akwame kidogo, arudie mwaka, abaki kwangu. Alipoondoka asubuhi ile roho ilinisuta, nikamkimbilia na kandambili hadi shuleni, nikakuta mlango umefungwa. Nikakaa chini pale pale nikimwomba Mungu anishinde. Kanishinda, alhamdulillahi, na sijawahi kufurahi hivi.

Jana nilimwambia yote. Akasema likizo zake zote atakuja kukaa hapa, mama yake akiruhusu. Ruhusu, dada.

Msalimie shemeji na majirani, hata yule mbishi.

Mdogo wako aliyekosa,
Zaina Mukandekezi