Jaji wa Parokia

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza. Baridi kali, watu wameimba midomo nusu. Kahawa iko chanjani. Skola ameigeuza peke yake, maana saa nane mchana mimi mume wake nilikuwa nimeshakaa kwa Bwana Kilimo.

Jumapili ya sita mfululizo. Bwana Kilimo ni ofisa ugani wetu, mtu wa Tanga, anaishi peke yake, ana king'amuzi na makochi mawili. Tunaangalia marudio ya mashindano ya kuimba. Majaji watatu, wote watu maarufu. Mama mmoja analia na kila mshiriki. Kijana mmoja kazi yake kucheka. Na yule wa miwani myeusi. Huyo ndiye tunayemfuata.

Leo kamwambia binti mmoja: "Umejitahidi. Tatizo ni kwamba tumesikia." Tulicheka mpaka Bwana Kilimo akamwaga chai.

Njiani kurudi nikajiuliza. Miaka ishirini na sita nafundisha kwaya hapa kijijini Ruanda. Nyimbo za pale kwenye runinga sikumbuki hata moja. Kauli za yule bwana nazikumbuka zote.

Jumatano, 9 Julai

Mazoezi. Bruno wa besi kaingia mapema kwenye wimbo, kama kawaida yake. Siku zote namwambia, "Bruno, nitazame." Leo sikusema. Nilivua miwani, nikaifuta kwa shati, nikaivaa tena. Wote wakaningoja. Ndipo nikasema: "Bruno, wewe ukifa utafika mbinguni kabla ya roho yako."

Kicheko kilichofuata! Bruno mwenyewe kacheka.

Kilichonikaa kichwani ni ule ukimya kabla ya kauli. Nilifundisha shule ya msingi hadi kustaafu, sikuwahi kusikilizwa namna ile.

Jumatano, 23 Julai

Watu wanakuja mazoezi wengi kuliko zamani. Hata wasioimba wanasimama dirishani. Anjela wa sauti ya kwanza hakuja. Wiki iliyopita nilimwambia anapanda juu kama mbuzi aliyeona majani. Atarudi.

Skola wakati wa kula: "Siku hizi unaimbisha au unachekesha?" Nilimwambia vyote viwili. Hakucheka.

Jumapili, 27 Julai

Paroko katangaza. Siku ya pili ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mashindano ya kuimba ukumbini, "kama yale ya kwenye runinga." Majaji: Sista wa shule ya awali, Bwana Kilimo, na mimi. Bwana Kilimo alishangaa, yeye Mwislamu atawahukumuje waimbaji wa Bikira Maria. Paroko akamjibu kwamba ndiyo sababu amemchagua, hana ndugu hapa wa kumpendelea.

Nimefurahi kama mtoto. Siwezi kuficha, hapa hasomi mtu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeletewa orodha. Majina kumi na saba. La tisa: Koleta.

Koleta ni shemeji yangu, mjane wa kaka yangu. Alipanda huku milimani kutoka Chiwanda, ziwani, akiwa bibi arusi. Wiki ya kwanza alisimama kwenye kwaya, na tangu siku hiyo sauti ya kwanza ilikuwa yeye. Watu walitoka Mbinga mjini kuja kumsikia usiku wa Pasaka. Mama yangu alipofariki, Koleta ndiye aliyeimba kaburini, sisi wanawe tukashindwa.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa rovu shingoni. Nilimpeleka hospitali mimi, Skola alikuwa na malaria. Daktari alisema wazi kwamba mshipa wa sauti uko karibu na kisu. Siku ile asubuhi, akiwa kwenye machela, Koleta aliniuliza: "Shemeji, nikikosa sauti, utanitoa kwaya?" Nikamwambia hata kwa kunong'ona ataimba, maadamu ni mimi ninayeinua mkono.

Alitoka na uvimbe umekwisha na sauti imepasuka. Amerudi kwaya mwezi wa pili, nyuma kabisa, sauti ya pili. Hafunui mdomo sana.

Kwa nini kajiandikisha? Sijui. Nilipaswa kwenda kumuuliza. Nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, dakika kumi. Sikwenda.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekaa barazani na daftari dogo, kuandaa kauli. Yule wa miwani hawezi kuwa anazitunga palepale, lazima anaandaa. Ninazo kumi na moja. Baadhi zinamfaa yeyote. Moja inamfaa mtu mmoja tu.

Niliikata. Halafu nikaiandika tena chini, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Ukumbi ulifurika. Watu wa Mbinga, wa vijiji vya pembeni, hata walimu wapya ambao hawajui Kimatengo wala nyimbo zetu. Meza yetu ilikuwa na kitambaa chekundu na maua ya plastiki. Nilivaa suti niliyoolea. Na miwani myeusi. Bwana Kilimo alinitazama mara moja tu, akatazama pembeni.

Nilianza vizuri. Wa kwanza, kicheko. Wa tatu, kicheko kikubwa zaidi. Sista alikuwa akiwapa watu moyo, hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wakigeukia kwangu.

Koleta alipanda jukwaani na kitenge cha akina mama wa parokia, kimepigwa pasi. Akachagua wimbo wa Bikira Maria ule aliouimba kaburini kwa mama. Ubeti wa kwanza aliubeba chini, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Ulikuwa na kitu. Naandika ukweli, ulikuwa na kitu, nywele za mikono zilinisimama. Ubeti wa pili akajaribu kupanda. Sauti ikakatika. Akaanza tena. Ikakatika. Akamaliza kwa kunong'ona.

Ukimya. Ule ule.

Nikasema: "Shemeji, sauti hiyo tulishaizika. Leo umetuletea matanga."

Ukumbi ulilipuka. Watu waligonga viti. Koleta alisema, "Asante, majaji," akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Bwana Kilimo alipaswa kusema baada yangu. Alisema, "Mimi sina la kuongeza," na tangu hapo hakusema tena mpaka mwisho.

Jumatatu, 18 Agosti

Kuna aliyenirekodi. Klipu iko kwenye magrupu. Wameiandika juu: JAJI WA PAROKIA. Imefika Songea, imefika Mbamba Bay. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Dodoma kanipigia, anacheka hadi hawezi kusema. Dukani nimepewa soda.

Niliitazama mara tisa. Nilikuwa najitazama mimi. Koleta haonekani vizuri, ni kitenge tu pembeni.

Nilifurahi. Niandike hivyo bila kupindisha. Siku mbili nzima nilifurahi.

Jumatano, 20 Agosti

Mazoezi. Koleta hayupo. Anjela hayupo. Bruno yupo, anaingia baada ya wenzake siku hizi, anaogopa. Nilimwambia aimbe tu. Hakuniamini.

Jumapili, 24 Agosti

Skola anaweka chakula na kuondoka. Wiki sasa. Leo nilimwuliza kosa langu. Alisimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Alijiandikisha kwa sababu yako," alisema. "Aliniambia. Alisema ukiwa wewe mezani hataogopa."

Akaenda jikoni. Mimi nikabaki na ugali.

Sikwenda kwa Bwana Kilimo.

Jumanne, 26 Agosti

Nimevuka bonde. Nyumba imefungwa kwa kufuli. Kuku wako kwa jirani. Jirani alinijibu shikamoo yangu huku akiendelea kupepeta. Koleta ameshuka ziwani kwa kaka yake, Chiwanda. Lini atarudi? Hakusema kama atarudi.

Kahawa yake iko mitini. Imeiva, imepita kuiva, nyingine imeanza kuwa nyeusi. Mtu haachi kahawa mwezi wa nane. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Alhamisi, 28 Agosti

Nachuma kahawa ya Koleta. Kikapu kiunoni, peke yangu. Watu wanapita njiani, wananiona. Mmoja alipaza sauti, "Jaji!" Nikainama mtini.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemaliza shamba. Skola alikuja siku tatu za mwisho. Hatukuzungumza ila habari za kahawa. Tumeikoboa, tumeiosha, iko chanjani kwetu, upande wake, haichanganyiki na yetu.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Mgongo unauma, basi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefika Chiwanda jana jioni. Gari hadi Mbamba Bay, halafu bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Joto. Nilikuwa na sweta la Mbinga, nikalibeba mkononi kama mjinga.

Koleta alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwani, uani na mke wa kaka yake. Aliniona, akapangusa mikono. "Karibu, Shemeji. Skola hajambo? Umekunywa maji?" Sauti yake ya kila siku, yenye mkwaruzo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa maji sikuwa nimejiandaa.

Nilikula kwao. Ugali wa muhogo na samaki. Hakuna aliyegusa habari ile. Asubuhi hii tulikaa wawili kwenye kivuli cha nyumba, nikasema. Kwamba nimemkosea. Kwamba nilimwahidi pale hospitali, nami nimeivunja ahadi mbele ya watu wote. Kwamba kahawa yake nimeichuma. Hapo nilisikia aibu kuitaja, lakini ilikuwa imeshatoka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, naandika kama alivyosema:

"Kwamba sauti imekufa najua, Shemeji. Mimi naisikia kabla yenu. Ungesema hivyo kwa uchungu nisingeondoka. Lakini nilikuona unainama kusoma. Ulikuwa umeandika. Nilipokuwa napanda ngazi ulikuwa tayari umeandika."

Nikatafuta la kujibu. Mtu wa kauli kumi na moja.

Nikamwambia nitasimama kanisani, nitaomba msamaha mbele ya parokia nzima, klipu nyingine irekodiwe isambae kama ile. Akatikisa kichwa.

"Usisimame tena mbele ya watu kwa ajili yangu. Utalia, watalia, watakusifu. Utapenda."

Alisema kwa upole. Alikuwa anageuza usipa kwa kijiti huku akisema.

Kabla sijaondoka aliniuliza kahawa imekauka kiasi gani. Nikamwambia. Akasema Skola aiuze pamoja na yetu, yeye hapandi mlima mwaka huu. Na mwakani? Akasema mwakani ni mbali.

Jumapili, 14 Septemba

Nimerudi. Nimemweleza Skola yote, hata lile la kusoma. Alikuwa halijui lile. Akasema, "Kalale, umechoka." Ni neno la kwanza la upole tangu mwezi uliopita, na sikulistahili.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemwambia Paroko sitaendelea kuinua mkono mbele ya kwaya. Akadhani nataka kubembelezwa. Akanibembeleza. Kwa dakika moja nilipenda, Koleta alisema kweli. Nikasema hapana. Nikamtaja Anjela.

Nimekwenda kwa Anjela mwenyewe. Hilo la mbuzi nililisema mimi, nikamwomba radhi mlangoni, mama yake akisikia. Alisema atafikiri.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimepita kwa Bwana Kilimo, mara ya kwanza tangu mashindano. Alinikaribisha, akaleta chai. Runinga ilikuwa inawaka. Fainali, marudio. Binti mmoja aliimba, yule wa miwani akanyamaza, akajiweka sawa kwenye kiti. Nilijua anachofanya. Niliitazama miwani yake. Iliteremka mezani, ikapanda.

Nikamwuliza Bwana Kilimo kwa nini siku ile hakusema kitu. Alizima sauti ya runinga kwanza. "Mwalimu, mimi mgeni hapa. Yeye ndugu yako. Nilidhani wewe unajua unachofanya." Halafu akasema, "Nilicheka pia. Kidogo. Niliinamisha kichwa usione."

Tulikunywa chai. Picha zikaendelea bila sauti. Nani kashinda, sijui.

Jumatano, 22 Oktoba

Anjela ameanza. Mkono wake mdogo, anahesabu kwa mdomo. Mimi nimekaa besi, pembeni ya Bruno. Kaingia mapema. Anjela akasema, "Babu Bruno, nitazame." Wakaanza tena. Dirishani hakuna mtu.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana, mchana. Tumepanda mahindi kwenye ngoro za juu, yale mashimo ya mteremkoni, mimi na Skola, tukarudi tumelowa.

Koleta alipiga simu jioni. Alimpigia Skola. Waliongea uani, Skola amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, simu ameiweka sauti ya nje kwa sababu mikono ina udongo. Habari za mvua, za kaka yake, za bei ya usipa. Kuna kitu Skola alisema, Koleta akacheka. Mkwaruzo ule ule. Alicheka kwa muda.

Nilikuwa ndani, nimeshika taulo. Hakuniulizia. Nilisubiri mpaka wameagana, nikatoka kuchukua majembe.