Nauli ya Mama Kivuko

Alhamisi, 2 Februari

Phyllis, mwenzangu pale mapokezi ya kliniki ya meno, kaniuliza tena: hivi nyie watu wazima mnacheza nini kila Jumamosi? Nikamwambia tunakaa mezani, kila mtu ana mhusika wake, mimi msimulizi nawaeleza wako wapi, wao wananiambia wanafanya nini, dadu zinaamua kama wamefaulu. Akauliza nani anashinda. Hakuna anayeshinda, Phyllis! Akanitazama kama mgonjwa aliyekataa ganzi.

Theluji tena. Kitabu changu cha visa vya mchezo huu kimebaki sura moja! Jumamosi zetu zote za miaka kumi na moja zimo humo — kijiji kizima cha Kivuko cha Chumvi, vichochoro vyake, wachawi wake, mapadri wake walevi. Kila mtu wa mezani katia mkono. Aliyetungwa na shemeji Verlyn, mume wa dada yangu, ndiye bora kuliko wote: Mama Kivuko, kikongwe anayevusha watu mto kwa mtumbwi na hapokei fedha. Nauli yake ni kichekesho. Asipocheka, huvuki. Na kwa kuwa mimi ndiye msimulizi, sauti ya Mama Kivuko ni yangu, na wa kuchekeshwa ni mimi.

Shemeji ana kichekesho kimoja tu, cha ng'ombe aliyeingia kanisani. Hajakimaliza hata mara moja. Ng'ombe akiikaribia kamba ya kengele, shemeji mwenyewe anaangua kicheko — machozi, kikohozi, basi. Nasi tunamcheka yeye. Miaka yote hiyo anavuka kwa nusu nauli.

Ijumaa, 3 Februari

Desmond kapiga simu akiwa ndani ya gari lake la posta, hata salamu hakuna. "Marlys, wametuuza!"

Ni Halbrook, kampuni yenye mchezo wetu wa Majivu na Taji. Wanabadili leseni. Rasimu imevuja, imeenea mtandaoni kote. Miaka ishirini na zaidi walituambia: sheria za mchezo ni hizi, zitumieni, tungeni visa vyenu, uzeni, hatudai kitu. Leo wanasema leseni ile imekufa. Ukitunga kisa kwa sheria zao, ni lazima ukisajili kwao, na wao wana ruhusa ya kukitumia watakavyo bila kukuuliza. Hutaki? Usiuze.

Nimeisoma mara mbili. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mama Kivuko awe wao? Wamchore kwenye fulana? Wamfanye binti mrembo wa kuuzia vinyago vya plastiki? Akufukuzaye hakwambii toka. Nimekasirika mpaka masikio yanawaka.

Jumamosi, 4 Februari

Hatukucheza. Tulikula na kutukana. Supu ya jibini aliyoleta Wren ilikuwa tamu mno kwa siku ya hasira, nikajipakulia tena na tena. Wren ndiye mdogo wetu, nesi, mpole kama nini — leo katamka maneno ambayo sikujua anayajua! Akafuta usajili wake wa kila mwezi kwa Halbrook palepale kwenye simu, tukampigia makofi. Desmond naye akafuta. Shemeji Verlyn akataka kufuta, hakujua pa kubonyeza, Wren akamfutia.

Nikasema basi, nitaandika sheria zetu wenyewe. Kitabu kisiguse hata neno lao moja. Wote wakapiga meza, na shemeji alipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka bia ya Desmond ikamwagika. Nilikwenda kulala nikitabasamu.

Alhamisi, 9 Februari

Jamani, raha! Sijui kwa nini sikufanya hivi zamani. Naandika kabla ya kazi, naandika mchana huku natafuna mkate. Sheria zote zimeenea kurasa nne. Dadu za kawaida tu, za pande sita, zile za kila nyumba. Unataka kuruka ukuta? Rusha mbili. Unataka kumdanganya padri? Rusha mbili. Ule utitiri wa kujumlisha na kutoa nimeutupilia mbali. Phyllis kazisoma, kaelewa! Ati naye anaweza kuja siku moja kutazama.

Jumamosi, 11 Februari

Mambo yameharibika.

Lakini yalianza vizuri. Wren alivunja mlango wa ghala kwa kurusha dadu mara moja, Desmond akamdanganya padri, kila kitu kinateleza. Ikafika zamu ya shemeji. Akatoa dadu yake. Ile ya buluu, ya pande ishirini, aliyopewa akiwa kijana wa miaka kumi na minne. Pembe zimelika mpaka inabingirika kama gololi, na kila mara lazima mtu apige magoti kuitafuta chini ya kabati. Akaitikisa mkononi. Nami nikamwambia — bila kufikiri hata kidogo! — hiyo haina kazi tena, shemeji.

Akaifumba dadu kiganjani.

Akauliza haina kazi vipi. Nikaeleza. Akasema taratibu kwamba Halbrook ni wahuni, juu ya hilo hana ubishi. "Lakini mchezo si wao, shemeji. Ni wangu. Nimekaa humo miaka arobaini. Mwenye nyumba akiwa mshenzi, ndiyo na wewe unakuja kuniezulia paa?"

Desmond akamwambia, mzee, acha kuwatetea. Ala! Hapo ndipo aliposimama. Akasema hamtetei mtu, na uzee huo Desmond akamtafutie baba yake. Akavaa koti, akaondoka kabla ya soseji. Verlyn! Kabla ya soseji!

Ila takia lake kaliacha kitini. Lile la mistari ya kijani, anakuja nalo kila wiki kwa sababu viti vyangu vinamuumiza kiuno, na kila wiki anarudi nalo. Wren akasema takia likibaki, mwenyewe hajaondoka. Tukacheka, tukapata nafuu kidogo.

Jumanne, 14 Februari

Dada LaVonne kapita asubuhi. Hakuvua hata glavu. Kaja kuchukua takia la mumewe. Ati la kukalia kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki, kule ziwani juu ya barafu.

"Mdogo wangu, mimi simo. Nimetumwa takia, nabeba takia."

Nikamuuliza anasemaje. Hasemi, ndilo jibu. Anakaa kwenye barafu mchana kutwa, anarudi na visamaki kama vidole. Na kichekesho cha ng'ombe? Dada akatikisa kichwa.

Nilimtazama akienda na lile takia kwapani hadi garini. Inaniuma. Sitaki kitabu kizuri na kiti kitupu. Haya, nimeliandika.

Ijumaa, 17 Februari

Halbrook wamerudi nyuma! Leseni ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Wanaomba radhi, wanasema wametusikia. Wametusikia kwa sababu tumefuta usajili, wasituone wajinga. Desmond kapiga honi ya gari la posta mbele ya kliniki mpaka daktari akatoka na barakoa usoni. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jioni ujumbe kutoka kwa shemeji, wa kwanza tangu aondoke: "Basi turudi kwenye mchezo."

Nimjibu nini? Kurudi naweza. Sitaki! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na kuna jingine, acha niseme maana hakuna anayesoma hapa: nazipenda sheria zangu. Nimeandika: njoo kesho tuzungumze. Hakujibu.

Jumamosi, 18 Februari

Hakuja. Tulicheza, wakafika mtoni. Wren akatoa kichekesho kizuri kabisa. Sikucheka. Ikabidi niwajengee daraja ambalo halikuwepo.

Jumatano, 22 Februari

Nimelipata! Nikiwa napanga faili za wagonjwa. Mto! Ule mto una umri mkubwa kuliko kijiji, kwa nini utii sheria za kijiji?

Nimeandika ukurasa wa tano palepale. Kwingine kote ni dadu mbili za pande sita. Lakini ukivuka mto, unatoa kwanza nauli ya kichekesho, kisha inarushwa dadu moja ya pande ishirini, iliyo kongwe kuliko zote mezani. Anayerusha ni mwenye dadu hiyo, hata kama anayevuka ni mwingine. Hakuna mwingine anayeigusa. Na pande ishirini si mali ya Halbrook wala ya mtu yeyote.

Baada ya kazi nikaendesha hadi ziwani. Nikagonga kibanda. Shemeji akasogeza miguu, nikakalia ndoo. Yeye alikuwa juu ya takia, anatazama lile shimo kwenye barafu. Nikamsomea.

Akaopoa vipande vya barafu shimoni. Kisha: "Na mwenye dadu akifa?"

"Anamrithisha anayemtaka."

"Na hayo mengine yote bado mnarusha hizo za pande sita."

"Ndiyo."

"Za kuchezea watoto."

"Ndiyo, shemeji. Na nisamehe kwa lile neno, kwamba haina kazi."

Akavuta mshipi. Akasema barafu inalainika, Jumapili anaondoa kibanda. Nilipoinuka akanipa samaki mmoja, yule mkubwa. Sijui maana yake. Nimemkaanga kwa siagi, mtamu ajabu.

Jumamosi, 25 Februari

Naandika nimesimama jikoni, kahawa inachemka. Wren na Desmond wapo sebuleni. Phyllis naye kaja, kavaa kama anakwenda harusini! Nimempa kiti cha karibu na dirisha. Kile cha shemeji hakuna aliyekigusa.

Gari la shemeji limesimama nje muda mrefu, injini imezimwa, mwenyewe ndani. Tulijifanya hatuoni. Desmond kaenda dirishani, karudi, kaenda tena. Akasema: "Yule mzee — aa, yule bwana — anafungua buti la gari." Wren akanifukuza nije kutazama kahawa, nisimkodolee mtu macho.

Mlango. Anakung'uta theluji. Hakuna salamu. Desmond anamwambia karibu kiti, kaka. Wren kachungulia huku na kuninong'oneza: amesimama mkekani, viatu hajavua, takia lipo kwapani.

Anauliza: "Mama Kivuko yupo?"

Desmond anamjibu yupo jikoni.

"Basi atanisikia huko huko," anasema. Anapandisha sauti. Kulikuwa na ng'ombe, Jumapili moja, akaingia kanisani...

Phyllis peke yake anacheka. Wengine tumeshika pumzi. Ng'ombe amepita katikati ya madawati. Amempita padri. Ameikaribia kamba. Ameishika kamba mdomoni, na shemeji bado hajacheka. Hatujawahi kufika hapa.