Kompyuta ya Kuwekea Miguu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa hospitali kaniita ofisini, mlango akaufunga mwenyewe. Nikajua kuna jambo. Wakaguzi wanakuja, na wamesema mazungumzo kati ya kanzidata, ghala la kumbukumbu zote ninalolitunza mimi, na programu ya ripoti yako uchi — mtu yeyote mwenye waya na nia mbaya anasikiliza. Yafungwe. Nikasema vizuri, tununue cheti cha usalama kwenye kampuni inayotambulika. Akacheka. Si utengeneze mwenyewe?

Cheti cha kujitengenezea! Ni kama mtu kufika mlangoni na kitambulisho alichokichora kwa mkono wake. Kinafaa, sikatai. Ila kila kompyuta lazima itambulishwe nacho mapema, ikijue. Mkuu hakutaka maelezo. Kiwe tayari kabla ya kikao cha Jumatatu ijayo, basi.

Kikao chenyewe ndicho kinachonikera. Ni cha wifi yangu, dada wa mume wangu. Ni mtunza stoo ya dawa, amesimamishwa kazi. Ripoti zinaonyesha dawa ziliingia stoo na hazikutoka, na rafu ni tupu. Yeye anaapa alizitoa kwenda Kliniki ya Jioni, akaziingiza kwenye kompyuta siku ile ile. Mhasibu anasema kaziingiza baadaye, kujikosha. Mimi sijasema neno. Ila mwanamke yule sijawahi kumwamini tangu siku ya harusi yangu, aliponikagua juu mpaka chini kama mzigo uliofika umevuja.

Chai kwa Shosti kama kawaida. Yeye ndiye mtu wa ripoti, na ndiye mtu pekee hapa ninayeweza kumgeuzia mgongo. Chumba chake kiko jengo la utawala, kiyoyozi kinakata mifupa. Tukavua viatu, tukaweka miguu juu ya ile kompyuta yake mbovu chini ya meza. Joto lake raha tupu. Akasema namba hazina undugu na mtu, wifi yako ana mkono mrefu. Nikasema mimi simo! Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Jumanne, 4 Machi

Cheti tayari. Nimekitengeneza mwenyewe, nimekitia sahihi mwenyewe, na nimekitambulisha kwa kila kompyuta, ya Shosti ikiwemo. Ufunguo wake wa siri nimeuweka kwenye flashi, na flashi nimeificha ndani ya kopo la sukari nyumbani. Mume wangu, Baba Pacha, akauliza, sasa sisi tukitaka chai? Nikamwambia mnywe bila sukari, mnanenepa.

Fundi wa kiyoyozi kaingia chumba cha seva, ilimo mashine ya kanzidata, bila taarifa. Anasema kaitwa. Na nani? Eti hakumbuki! Nimemsimamia mpaka akafunga sanduku lake la spana. Wananiita Polisi humu ndani. Waniite.

Kila cheti kina alama yake, herufi na tarakimu kibao, haifanani na ya kingine. Alama ya changu nimemtumia Shosti kwenye simu. Kesho nitakuwa chumba cha seva, yeye atakuwa kwenye skrini yake. Atanisomea alama anayoiona. Zikilingana, ripoti zake zinaongea na seva yangu kweli. Zisipolingana, kuna mtu kajipachika katikati.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi nikampigia Shosti. Akasoma alama yote, ile ile, herufi kwa herufi. Safi! Nikamwambia sasa toa tiki kwenye kile kiboksi cha "amini cheti chochote". Hicho ndicho ugonjwa wa watu wa ripoti. Wanaweka tiki ili mashine isipige kelele, halafu inamwamini yeyote anayejibu simu. Ni kama bawabu aliyelala mlango wazi.

Akatoa tiki. Ripoti zikagoma. Zote! Cheti hakiaminiki, ndivyo mashine inavyosema.

Mhasibu kaja juu, eti nimeharibu kazi ya watu siku chache kabla ya kikao. Shosti akanibembeleza kwa sauti ile yake ya maziwa: rudisha tiki, shosti, kwa leo tu, tutaangalia baadaye. Nikakubali. Ningefanya nini?

Lakini haiingii akilini. Kwenye kompyuta yangu cheti kinakubaliwa bila tiki. Kwake kinakataliwa. Na alama kasoma ni ile ile! Basi nani kanichezea? Fundi wa kiyoyozi? Au wifi — nani ajuaye bado ana marafiki humu?

Usiku wifi alikuwa kwetu, kaja kuwaona pacha. Nikaenda jikoni, nikatazama kopo la sukari. Limesogezwa. Nikamtolea macho. Akasema nilikuwa nawakorogea watoto uji, mama pacha, na hiyo takataka ya kompyuta inafanya nini ndani ya sukari?

Alhamisi, 6 Machi

Machale yalinicheza tangu naamka.

Nimefanya jambo ambalo sikudhani ningemfanyia Shosti. Kwenye chumba cha seva nimechomoa waya unaokwenda chumba chake. Ule mmoja tu. Maana yake kompyuta yake haioni seva yoyote, haioni kitu. Ndipo nikampigia. Nikasema funga programu, fungua upya, halafu nisomee alama ya cheti.

Akasema subiri. Akasema hii hapa, imekuja.

Akasoma. Mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama hata mara moja.

Nilikuwa nimeshika ule waya mkononi.

Nikasema asante. Nikaurudisha waya mahali pake, nikakaa chini sakafuni.

Namtetea moyoni. Labda ni uvivu! Nimemtumia alama kwenye simu, kaisoma humo humo, kwa nini ahangaike na skrini? Watu ndivyo walivyo. Ungemuuliza angesema si uliniandikia mwenyewe, kuna tofauti gani? Lakini "imekuja" ni kitu gani kilichokuja?

Mchana alikwenda kumpelekea mumewe chakula. Mumewe ndiye tabibu wa Kliniki ya Jioni, mtu mpole, nimekula kwake mara nyingi. Nikaingia chumba cha Shosti na funguo zangu. Nikaiuliza kompyuta yake: seva ya kanzidata iko wapi? Ikanipa anwani. Si anwani ya seva yangu! Kuna faili dogo ndani yake limeandikwa kwa mkono wa mtu, linasema ukisikia jina la seva yangu nenda kule. Na kule ipo seva nyingine yenye jina la yangu, na cheti chake. Tiki ile ikaiachia ipite.

Kumbe ripoti hazijaongea na seva yangu. Tangu lini? Na hiyo seva nyingine iko chumba gani?

Ijumaa, 7 Machi

Nimezunguka hospitali nzima nikichungulia chini ya meza za watu. Mhasibu kaniuliza nimepoteza hereni? Nikasema ndiyo. Na yeye simwamini. Mbona alikimbilia kusema wifi kajikosha?

Saa ya chai Shosti akaniita. Kwenda, moyo hautaki. Kutokwenda, atajua. Nikaenda. Nikavua viatu, nikaweka miguu pale pale.

Joto.

Kompyuta mbovu. Iliyokufa, alivyoniambia mwenyewe, inasubiri kutupwa. Joto la nini? Wiki zote hizi nimejiotea miguu hapo nikimsengenya wifi, wala sijajiuliza! Mimi, Polisi!

Nikaondoa miguu. Haraka mno, najua. Shosti akanitazama juu ya kikombe. Leo miguu haina baridi? Nikasema imekufa ganzi. Akatabasamu, akanisogezea biskuti.

Alasiri nikajifungia chumba cha seva, nikabisha hodi kwenye ile anwani. Ni nakala ya seva yangu nzima, hata nenosiri langu linaifungua. Kila kitu kimo, mpaka cha jana. Isipokuwa dawa zilizotolewa kwenda Kliniki ya Jioni. Hizo zimefutwa, zote. Nikafungua seva yangu ya kweli — zimo. Kaziingiza wifi, siku ile ile ya kuzitoa, kama alivyoapa. Na aliyezipokea ni mume wa Shosti.

Yaani dawa zikifika kliniki zinapotea, na ripoti inasema hazikutoka stoo. Jumba bovu kaangushiwa wifi.

Hii kanzidata iko chini ya mikono yangu. Ningefungua siku yoyote nikaangalia. Sikuangalia. Ripoti ilisema nilichotaka kusikia.

Nimelia chooni. Si kwa ajili ya wifi, nisijidanganye. Kwa ajili ya Shosti. Alinishika mkono nilipojifungua pacha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Baba Pacha. Akasema mwambie Mkuu leo leo. Nikasema Mkuu nani? Nani alimruhusu yule tabibu kufungua kliniki jioni? Mwambie Mhasibu. Mhasibu! Basi mwambie dada yangu, ni jambo lake. Nikasema dada yako hana breki ya mdomo, atakwenda kupiga kelele mlangoni kwa watu.

Mpango wangu ni huu. Jumatatu, mbele ya kikao kizima, nitasema twendeni chumba cha ripoti. Nitawaambia wote waishike ile kompyuta mbovu kwa mikono yao. Hapo hakuna wa kuficha kitu.

Baba Pacha akasema wewe mwanamke, siku moja utajikuta huna hata mtu mmoja wa kumwambia habari ya moto unaokuunguza. Nikamwambia aache maneno ya redioni.

Wifi kaja kuwasuka pacha. Kakonda. Nilitaka kusema kitu, nikasema karibu chai.

Jumapili, 9 Machi

Ujumbe wa Shosti: yuko ofisini anamalizia maandalizi ya kesho, niombee shosti.

Ofisini Jumapili? Niende? Baba Pacha kasimama mlangoni: ukienda leo peke yako na funguo zako, mwizi utaonekana wewe.

Sikwenda.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa nje ya chumba cha mikutano.

Walianza kwa kufungua ripoti, mbele ya wakaguzi. Bila tiki! Cheti changu kikakubaliwa, safi, kwa mara ya kwanza. Na kwenye ripoti dawa zote za Kliniki ya Jioni zipo, zimetolewa kihalali, siku zake. Wifi akasema "Alhamdulillahi!" kwa sauti, akafunika mdomo.

Nikasema twendeni chumba cha ripoti, chini ya meza kuna kompyuta inayojifanya seva yangu. Wakaja wote, na viti vikaburutwa. Nikainama chini ya meza.

Boksi la karatasi za kuchapishia. Juu yake kimetandikwa kitenge kizuri, cha kuwekea miguu.

Shosti akasema ile mbovu? Ilitupwa zamani, mbona. Nikatazama kwenye kompyuta yake: lile faili dogo limesafishwa, ripoti sasa zinakuja moja kwa moja kwenye seva yangu. Hakuna kitu.

Ndipo akaongea. Taratibu, macho chini, kama anayeumia. Eti yeye hana la kusema juu ya rafiki yake. Ila wiki iliyopita ripoti zilikuwa na namba moja. Akaja mtu na vyeti vyake, akazima seva, akawasha, akachomoa waya — waya! kumbe aliona — akaingia chumbani kwake hayupo. Leo ripoti zina namba nyingine, na namba hizo zinamwokoa wifi yake.

Mkaguzi, mama mmoja wa miwani, akaniuliza cheti hiki kimetolewa na nani. Nikasema na mimi. Kimehakikiwa na nani? Na mimi. Nani mwingine aliiona hiyo kompyuta? Hakuna. Ulimwambia nani hapa kazini? Nikatazama meza nzima. Sikuwa nimemwambia mtu.

Tukatolewa nje wote wawili, mimi na wifi, benchi moja. Yeye juzi ndiye alikuwa mwizi, sasa tupo wawili.

Nimekumbuka. Daftari la seva! Seva yangu inaandika yenyewe kila anayebisha hodi. Kompyuta ya Shosti haitaonekana humo kwa miezi, mpaka jana, maana yake ripoti zilikuwa zinasoma kwingine. Hilo hajui. Lakini hilo nalo liko mikononi mwangu, watasema nimelitunga. Isipokuwa mkaguzi alifungue yeye mwenyewe, kabla hajaligusa mtu mwingine.

Nikamweleza wifi. Yote, tangu chai mpaka joto la miguu. Hata tulivyomsengenya. Nikasubiri anitukane. Akasema nilijua hunipendi, mama pacha, si habari mpya. Lakini uongo hujui, ungejua ungeshanidanganya kwamba unanipenda.

Mhasibu katoka sasa hivi. Kikao kimeamua nikabidhi funguo za chumba cha seva mpaka uchunguzi uishe. Atakaa nazo mtu wa ripoti, ndiye pekee anayeijua mitambo.

Shosti kasimama mlangoni, kanyoosha mkono. Ananiita kwa jina langu la utani.

Funguo ziko kiganjani mwangu. Juu yake kuna mkono wa wifi, kanibana, anapaza sauti kumwita yule mama wa miwani aje alifungue daftari la seva kwanza.