Nimeshindwa Chesi na Binti wa Sajini

Shangazi Nuriat mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana aibu imenifikisha pabaya.

Mimi ni Mkongo, naishi Kisugu, na kila Jumanne na Alhamisi masomo yakiisha nafundisha chesi katika shule moja ya Mbuya, watoto wengi ni wa wanajeshi, na ukiwaona utacheka, kwa sababu askari mdogo akifika mwisho wa ubao na kugeuka malkia wao husema amepandishwa cheo na wanampigia saluti, sasa kati yao yuko Aloyo, ana miaka tisa, binti wa Sajini Okidi, ndiye niliyemchagua kwa mashindano ya Jumamosi, na huyu mtoto, Shangazi, amenishinda mara nne, kunishinda kweli, mimi niliyeanza kucheza Bukavu kabla mama yake hajaolewa, na siku baba yake alipokuja kumchukua akakuta watoto wanaimba kwamba mwalimu amepigwa, mdomo wangu ukajisemea, "Afande, huwa namwachia ili apate moyo," nikadhani yameisha, kumbe Sajini amekwenda kufikiri, juzi akarudi akaniambia, "Mwalimu, kama wewe unamwachia, huko mashindano nani atamwachia? Sitaki mtoto wangu aaibike. Jumamosi peleka mwingine," na Aloyo alikuwa amesimama pale pale, akaniuliza polepole, "Ticha, ni kweli ulikuwa unaniachia?" nami nikajibu, "Kidogo tu."

Tangu siku hiyo anashika farasi, anamrudisha, ananitazama usoni kwanza. Inaniuma sana. Nimefikiria nicheze naye mbele ya baba yake ili ajionee. Nifanye hivyo?

Anselme, Kisugu

Anselme,

Pole, ila pole yako ni ndogo. Kubwa nampa Aloyo. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikafika kwenye hiyo "kidogo tu" yako nikakasirika. Mtoto amekushinda kwa akili yake, wewe ukamnyang'anya ushindi kwa maneno mawili. Asiyekubali kushindwa si mshindani, sembuse mwalimu.

Huo mpango wa kucheza mbele ya Sajini uache kabisa. Mtoto uliyemtia shaka namna hiyo anaweza kushindwa, na hapo uongo wako utakuwa umepata shahidi. Aloyo hana la kuthibitisha. Mwenye kesi ni wewe.

Kesho jioni nenda nyumbani kwa Sajini kwa miguu yako. Usipige simu, wala usimvute pembeni mkazungumze kiutu uzima. Soda wakikupa, isubiri. Omba Aloyo aitwe, umwambie yeye mwenyewe, baba akisikia: "Sikukuachia hata mara moja. Nilishindwa, nikaona aibu, nikadanganya." Usiongeze "lakini". Sajini akifoka, mwache afoke, umestahili. Akimaliza, mwombe ruhusa ya Jumamosi. Hatakuwa tena na sababu ya kukunyima.

Kisha darasani, keti kwenye benchi la wanafunzi, umwombe Aloyo akuonyeshe ulipokosea. Nenda na daftari, Anselme, mara nne si mchezo.