Blanketi Dirishani

Nakuru, Jumanne usiku, Machi 1957

Amepewa. Mama Rispa wa hoteli ya ng'ambo ya barabara amepewa leseni ya kuuza bia hapa hapa katikati ya nyumba za reli, na mimi niliyetumwa na akina mama wa kanisa kumpinga nilirudi kitini nimeshindwa.

Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilimwambia Bwana DC, yule mzungu mkuu wa wilaya, kwamba waume zetu hufanya kazi ya treni usiku na kulala mchana, na kelele za walevi na gramafoni zitawanyima usingizi.

Mama Rispa hakubisha hata kidogo. "Mama Yohana anasema kweli," akasema. "Lakini hapa kwetu mume akirudi kutoka safari, mke hutundika blanketi dirishani ili alale. Mimi nikiliona, hata kutwanga sitwangi. Nipewe leseni kwa sharti hilo, na nikilivunja ichukuliwe."

Nani mwingine angejifunga kamba mwenyewe hivyo mbele ya mzungu?

Bado naiogopa hiyo bia. Mume wangu namjua, na hoteli iko hapo tu...

Jioni nikaamua kumjaribu. Baba Yohana yuko Naivasha na treni yake, lakini nilitundika blanketi. Gramafoni ikanyamaza katikati ya wimbo, na nikamsikia Mama Rispa akiwaambia wateja, "Polepole, mzee wa watu amelala."

Nikasimama pale gizani nikiona haya. Kisha nikalitoa blanketi. Ule wimbo naupenda.