Aliyefungua Mashine

Jumatatu, 2 Juni 1997
Ukungu umeshuka mpaka mtaani kwetu Bombambili. Nimekwenda kazini kama mtu anayetembea usingizini. Programu ninayoiandika kwa Paskali, lugha ya kompyuta, bado inakwama. Kuandika rekodi za usalama za kompyuta ya ghala inaweza: siku, saa, jina la aliyeingia, alichofanya, vyote vinaungwa mstari mmoja kwa vijistari vya wima. Kuisoma mistari hiyo na kuitenganisha tena ndiko kunakonitoa jasho na baridi hii.

Jumanne, 3 Juni
Kasheshe. Marobota ya tumbaku ya wakulima wa Namtumbo yameshushwa daraja ndani ya kompyuta ya ghala. Wanalalamika, na wana haki. Meneja anataka jina kabla ya Ijumaa. Mwenye jina atafukuzwa. Anasema programu yangu ndiyo itakayomtaja. Nimeona fahari, sikatai.

Jumatano, 4 Juni
Imesoma! Mistari yote imegawanyika vizuri. Nikaikodolea macho skrini mpaka herufi za kijani zikaanza kuelea, nami nikaelea nazo. Kisha nikaona jina. Mama Tekla. Kila badiliko, Mama Tekla. Asubuhi, mchana, jioni. Karani aliyenipokea siku yangu ya kwanza hapa. Mjane, watoto wanasoma Peramiho.

Alhamisi, 5 Juni
Sikula. Faili ni maandishi matupu, naweza kulifuta jina lake na asijue mtu. Nimeweka kidole kwenye kitufe. Nikasinzia hapohapo mezani. Nikaota nimesimama mlangoni pa ghala, watu wanaingia mmoja mmoja, wote wana uso wake.

Nilipozinduka nikaelewa. Mjinga mimi. Ofisini kwetu anayewahi hufungua mashine kwa neno lake la siri, akaiacha wazi kwa wote. Kuifunga wakati mwenzako hajaitumia ni uchoyo, kama kuzima moto na jirani yuko njiani kuomba kaa. Anayewahi siku zote ni yeye. Hata mimi hutumia mashine hiyo kwa jina lake.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemweleza meneja: mashine inamjua aliyefungua, haimjui aliyekaa. Akamwita Mama Tekla, akamuuliza nani alikaa siku madaraja yalipobadilishwa.

“Wengi, bwana meneja. Hata wewe ulikaa. Mtu namwachia kiti, simchungi mikono.”

Meneja akaangalia dirishani. Hakufukuzwa mtu. Marobota yatapangwa madaraja upya, wakulima wakiwepo. Kuanzia Jumatatu kila mtu na neno lake, na akiinuka anafunga. Nimepumua.

Jumatatu, 9 Juni
Mama Tekla amewahi. Amefanya kazi yake, amefunga, ameinuka. Mwenzake alipoingia wakasalimiana vizuri, kisha mwenzake akasimama mbele ya skrini nyeusi, akimtazama kama jirani aliyekuta moto umezimwa. Mama Tekla akainamia karatasi zake.

Mchana nimeendesha programu. Kila mstari una mwenyewe. Hakuna kilichokwama. Ofisi ilikuwa kimya, na mimi sikufurahi.